Kupima udongo kwa mwanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vihisi vya spektroskopia

Maswali haya huulizwa na wakulima, maafisa ugani, mameneja wa mashamba makubwa na wanafunzi wa kilimo kila mara kifaa cha kupima udongo kwa mwanga kinapoonyeshwa mahali. Majibu yanaegemea zaidi Kenya na Tanzania, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya kuijenga mbinu hii barani Afrika imefanyika Nairobi.

Kihisi cha spektroskopia kinapima nini hasa?

Kinapima mwanga; rutuba hakiipimi. Kifaa huumulika udongo kwa taa yake, kisha hurekodi, kwa kila urefu wa wimbi, ni kiasi gani cha mwanga kimerudi na ni kiasi gani kimefyonzwa. Matokeo yake ni mchoro mmoja wenye milima na mabonde, unaoitwa spektra, na kila bonde linatokana na kitu fulani ndani ya udongo kinachofyonza mwanga wa wimbi hilo. Mwanga unaoonekana kwa jicho uko kati ya nanomita 400 na 700 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita). Infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa jicho, huendelea hadi nanomita 2,500. Na infraredi ya kati hutoka hapo hadi nanomita 25,000. Namba anayoiona mkulima kwenye simu, tuseme kaboni (kipimo cha mboji) asilimia 1.8 au pH (kipimo cha tindikali) 5.4, haikusomwa moja kwa moja kutoka kwenye udongo. Imekadiriwa na modeli ya kihesabu iliyofundishwa kuhusisha spektra na matokeo ya maabara ya kemikali. Karibu kila kutoelewana kuhusu vifaa hivi huanzia hapa.

Je, mabonde hayo yanaweza kusomwa na mtu, au ni kazi ya kompyuta pekee?

Baadhi yanasomeka vizuri kabisa kwa jicho lililozoea. Chukua udongo mwekundu wa milima ya Usambara na udongo mweusi wa mbuga, uviweke kwenye vikombe viwili na uvipime kimoja baada ya kingine. Katika spektra ya udongo mwekundu, sehemu inayoonekana kwa jicho hushuka kwa nguvu upande wa bluu na kijani kwa sababu ya madini ya chuma, na karibu na nanomita 2,200 panatokea bonde lenye bega dogo kando yake, ambalo ni alama ya madini ya kaolini. Udongo wa mbuga huonyesha mstari uliolala chini kote, bila mteremko mkali wa chuma, lakini karibu na nanomita 1,900 una bonde pana na refu la maji, kwa sababu mfinyanzi wake unaovimba hushikilia maji katikati ya tabaka zake hata baada ya kuanikwa. Udongo wenye chokaa nyingi huongeza bonde lake karibu na nanomita 2,340.

Hapo pia ndipo jicho la mtu lisilo na kifaa hudanganyika. Wengi huuona udongo wa mbuga kuwa na mboji nyingi kwa sababu ni mweusi, ilhali mara nyingi kaboni yake ni ya kawaida tu au hata ndogo. Modeli inayotegemea rangi peke yake hufanya kosa lile lile. Inayotumia wigo mpana hulipunguza.

Modeli inafundishwaje?

Huanza kwa kukusanya sampuli nyingi zinazowakilisha aina za udongo wa eneo husika. Sampuli zote hupimwa kwa mwanga, kisha sehemu yake hupelekwa kwenye maabara ya kemikali na kupimwa kwa njia za kawaida: kaboni, pH, chembechembe za mchanga na mfinyanzi, madini yanayobadilishana, na kadhalika. Programu ya takwimu hutafuta uhusiano kati ya spektra na vipimo hivyo, na uhusiano huo ndio unaotumika kukadiria sampuli nyingine ambazo hazikupelekwa kwenye maabara. Mkusanyiko wa spektra pamoja na vipimo vyake vya kemikali huitwa maktaba ya spektra.

Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh, wakifanya kazi katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao yake Gigiri, Nairobi, walichapisha makala iliyotumia zaidi ya sampuli 1,000 za udongo wa juu kutoka mashariki na kusini mwa Afrika kuonyesha kwamba maktaba ya aina hiyo inawezekana. Baadaye mradi wa taarifa za udongo wa Afrika, unaojulikana kwa kifupi AfSIS, ulichagua maeneo 60 barani, kila moja likiwa na ukubwa wa kilomita 10 kwa 10, na ndani ya kila eneo udongo ulichukuliwa kwenye vipande 160 kwa kina cha sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 50. Kuipima hesabu kama hiyo yote kwa kemikali peke yake kungekula fedha na muda usio na kipimo. Kuipima yote kwa mwanga na sehemu ndogo kwa kemikali kuliwezekana.

Kwa hiyo maabara ya kemikali haihitajiki tena?

Inahitajika, na modeli haiwezi kuwa bora kuliko maabara iliyoifundisha. Kama maabara ilikuwa na makosa katika kupima kaboni, modeli itajifunza makosa hayo kwa uaminifu mkubwa. Ni jambo la kusikitisha kuona taasisi inanunua spektromita, yaani kifaa cha kupima spektra, ya bei ghali huku maabara yake ya kemikali ikikosa vitendanishi na sampuli za ulinganisho. Taasisi za utafiti wa kilimo kama TARI Mlingano kule Tanga, Tanzania, na KALRO Kabete, Kenya, pamoja na maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo zinabaki kuwa mhimili wa kazi hii, hata pale mkulima asipozifikia yeye mwenyewe.

Ni sifa zipi za udongo zinazokadiriwa vizuri?

Zile zenye alama zake ndani ya spektra. Kaboni ogani hukadiriwa vizuri, kwa sababu mboji hufyonza mwanga katika sehemu nyingi za wigo, na hasa katika infraredi ya kati. Mfinyanzi, aina ya madini ya mfinyanzi, oksidi za chuma na chokaa vyote vina mabonde yake. Nitrojeni ya jumla nayo hukadiriwa vizuri, lakini kwa mlango wa nyuma: karibu nitrojeni yote ya udongo imo ndani ya mboji, hivyo anayeijua kaboni anaweza kuikisia nitrojeni. Ndiyo maana kipimo hicho hakimwambii mkulima ni nitrojeni kiasi gani mahindi yake yatapata msimu huu. Naitreti, ambayo ndiyo mmea huinyonya, huja na kuondoka na mvua kwa kiasi ambacho mwanga haukioni kwa kuaminika katika udongo wa shambani.

Kundi la pili ni la sifa zisizo na alama yake ila zinazofuatana na zenye alama. Uwezo wa udongo kushika madini, kalisi na magnesi vinategemea mfinyanzi na mboji, kwa hiyo hukadiriwa kwa kiwango kizuri. pH imo katika kundi hili pia: inatosha kuutenga udongo wenye tindikali kali na ule wa wastani, lakini siyo kutofautisha 5.5 na 5.7. Kwa uamuzi wa kuweka chokaa shambani, ningeishauri familia yoyote ipime pH kwa kipimo cha kawaida cha elektrodi, ambacho ni rahisi na kinaaminika zaidi.

Kwa nini kila mtu husema fosforasi ni tatizo?

Kwa sababu fosforasi inayopatikana kwa mmea ni miligramu chache katika kilo nzima ya udongo, na haina bonde lake katika spektra. Zaidi ya hayo, kinachoitwa fosforasi inayopatikana ni kile ambacho kimiminika fulani cha maabara kimefaulu kukitoa. Ukibadilisha kimiminika kutoka Mehlich 3 kwenda Olsen, namba inabadilika ingawa udongo ni ule ule. Mbolea ya samadi iliyomwagwa karibu na zizi miaka kumi iliyopita inaweza kuipandisha fosforasi ya kona moja ya shamba maradufu bila kuigusa rangi wala madini ya udongo huo.

Mwaka 2014 data za AfSIS ziliwekwa kwenye jukwaa la mashindano la Kaggle, na wataalamu wa data kutoka sehemu mbalimbali za dunia wakaombwa wakadirie sifa tano kutokana na spektra za infraredi ya kati: kaboni ogani, pH, kalisi, mchanga na fosforasi. Timu zaidi ya elfu moja zilishiriki, zikiwa na kila mbinu ya kihesabu unayoweza kuifikiria, na fosforasi ndiyo iliyowasumbua kuliko nyingine. Tatizo halikuwa uhaba wa akili au wa kompyuta. Habari yenyewe haikuwamo ndani ya spektra. Kwa hiyo kifaa kinapotoa namba ya fosforasi yenye desimali mbili, ichukuliwe kuwa makisio mapana. Tahadhari hiyo ihusu pia potasiamu, salfa, zinki na boroni, ingawa potasiamu wakati mwingine hukadiriwa vizuri kiasi katika eneo moja pale inapofuatana na aina ya mfinyanzi.

Muuzaji anasema kifaa chake kina usahihi wa asilimia 90. Nimwelewe vipi?

Mwulize asilimia 90 ya nini. Mara nyingi anamaanisha kipimo cha R mraba kuwa 0.9, ambacho hueleza jinsi makisio yanavyofuatana na vipimo vya maabara katika kundi zima la sampuli. Kipimo hicho hupanda chenyewe kadiri sampuli zinavyotofautiana. Kinachomfaa mtumiaji ni wastani wa kosa, ukitajwa kwa kizio kile kile cha sifa inayopimwa.

Tuseme wastani wa kosa la kaboni ni asilimia 0.3. Katika mkoa ambao udongo wake una kaboni kuanzia asilimia 0.5 hadi 5, kosa hilo ni dogo na modeli itapata alama nzuri. Sasa ingia ndani ya shamba moja ambalo kaboni yake ni kati ya asilimia 1.0 na 1.4. Tofauti yote iliyomo shambani ni 0.4, na kosa la kifaa ni 0.3. Ramani itakayochorwa hapo itakuwa na rangi za kupendeza, lakini sehemu kubwa ya mabaka yake yatakuwa ni makosa ya kifaa. Modeli hiyo hiyo, bila kubadilishwa chochote, inafaa kwa mipango ya mkoa na haifai kuligawa shamba hilo. Watafiti hutumia kipimo kiitwacho RPD, yaani mtawanyiko wa sampuli ukigawanywa kwa wastani wa kosa. Kanuni inayotumika sana husema zaidi ya 2 ni nzuri, kati ya 1.4 na 2 ni ya wastani, na chini ya 1.4 isitegemewe. Kikokotolewe kwa mtawanyiko wa shamba lenyewe, usikubali cha bara zima.

Jambo la pili la kuuliza ni kama modeli ilijaribiwa kwenye mashamba ambayo haikuwahi kuyaona. Ukitenga sampuli za majaribio bila mpangilio kutoka kwenye mashamba yale yale yaliyoifundisha, kila sampuli ya mtihani inakuwa na ndugu yake ndani ya mafunzo, na alama zinakuwa nzuri kupita ukweli.

Maktaba iliyojengwa nchi nyingine inaweza kutumika kwenye shamba langu?

Inaweza kuwa msingi, lakini mara chache inatosha. Mwaka 2016 ilichapishwa maktaba ya dunia yenye spektra zaidi ya 23,000 kutoka nchi 92, na maabara ya udongo ya serikali ya Marekani iliyoko Lincoln, Nebraska, ina maktaba kubwa sana ya infraredi ya kati. Hata hivyo, udongo wa majivu ya volkano wa miteremko ya Kilimanjaro, wenye madini ambayo hayajajipanga kwa fuwele, hauwakilishwi vizuri na maktaba iliyojaa udongo wa tambarare za Ulaya au Amerika Kaskazini. Njia inayofanya kazi ni kuongeza sampuli za mahali husika, makumi kadhaa yaliyopimwa kwa kemikali, na kuzipa uzito zaidi katika modeli. Kumbuka pia kuwa spektromita mbili za aina moja zinaweza kutofautiana kidogo. Maktaba iliyosomwa na kifaa kimoja huhitaji kulinganishwa kabla ya kutumika na kingine.

Sampuli iandaliwe namna gani?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ni jambo lisilohitaji fedha. Chukua udongo sehemu kadhaa za kipande kimoja cha shamba, kwa kina kile kile, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki na utoe kiasi cha nusu kilo. Epuka mahali palipochomwa taka, kichuguu, njia ya ng'ombe na mstari uliowekwa mbolea ya kupandia. Anika kivulini au kwenye tanuri la nyuzi 40, siyo zaidi. Ponda mabonge kwa kinu cha mbao bila kuvunja changarawe, ukitoa mizizi kwa mkono. Kisha pitisha kwenye chekeche ya milimita 2.

Kwa infraredi ya karibu, hapo sampuli iko tayari. Jaza kikombe, sawazisha juu kwa ukingo wa rula bila kushindilia, pima, zungusha kikombe robo mzunguko na upime tena. Ukishindilia sampuli moja na kuiacha nyingine ikiwa huru, mstari mzima wa spektra hupanda au kushuka, na modeli inaweza kudhani ni mboji. Kwa infraredi ya kati, sehemu ndogo ya sampuli husagwa zaidi mpaka iwe laini chini ya milimita 0.1, kwa sababu kinachopimwa ni chini ya gramu moja, na chembe moja kubwa ya mchanga ingeweza kuziba habari za vyote vilivyo karibu yake. Kifaa chenyewe kiwashwe mapema kipate joto, na kigae cheupe cha ulinganisho kipimwe mara kwa mara. Kigae kilichoshikwa na vidole vyenye jasho hakifai tena kuwa cheupe cha ulinganisho. Nimewaona watu makini wakikisahau.

Je, siwezi kupima moja kwa moja shambani, udongo ukiwa mbichi?

Inawezekana, kwa gharama ya usahihi. Maji hufyonza mwanga kwa nguvu karibu na nanomita 1,400 na 1,900, hutia giza wigo mzima, na hufunika alama za mboji na mfinyanzi. Zipo hesabu za kuondoa athari hiyo, lakini zinahitaji modeli iliyofundishwa kwa udongo wenye viwango mbalimbali vya unyevu. Kifaa kilichofundishwa kwa udongo mkavu kisipimie udongo uliotoka kunyeshewa. Mwanga nao hauingii udongoni zaidi ya milimita chache, mara nyingi hata chini ya hapo, kwa hiyo kumulika uso wa shamba ni kupima vumbi la juu, wakati mizizi iko chini yake.

Nichague kifaa cha mkononi au cha maabara?

Inategemea swali lako. Vifaa vya infraredi ya kati vya mezani hutoa makisio bora kwa sifa nyingi, na maabara iliyopangwa vizuri hupima mamia ya sampuli kwa siku, ila vinahitaji umeme wa uhakika, usagaji na fundi aliyefunzwa. Vifaa vya mkononi vya infraredi ya karibu hubebeka kwenye pikipiki na hutoa jibu papo hapo, lakini vingi husoma kipande tu cha wigo. Kwa ushirika wa wakulima ningependekeza sampuli zisafiri kwenda kwenye kifaa kimoja kizuri, badala ya kununua vifaa vingi dhaifu.

Haya yote yanaingiaje katika kilimo cha usahihi?

Kilimo cha usahihi hutaka kujua shamba linatofautiana wapi, ili chokaa, mbolea au mbegu ziwekwe kwa kiasi tofauti kila sehemu. Kemikali peke yake hutoa pointi chache mno kwa kazi hiyo. Katika mashamba makubwa ya Marekani na Ulaya kuna vifaa vinavyokokotwa na trekta, vyenye kisu kinachopasua udongo na dirisha la yakuti samawi, lisilokwaruzwa kwa urahisi, ambalo mwanga hupitia huku GPS ikirekodi mahali. Kwetu mashamba makubwa ya miwa na mkonge yangeweza kunufaika na mpangilio huo, hasa kwa ramani za kaboni na mfinyanzi.

Kwa mkulima wa ekari mbili hali ni nyingine. Hana mashine ya kubadilisha kiwango cha mbolea, lakini anajua kwamba kona ya bondeni huota vizuri na mgongoni mahindi huwa ya njano. Kwake kipimo chenye manufaa ni sampuli mbili au tatu, kila moja ikitoka kwenye sehemu anayoiona kuwa tofauti, na ushauri unaozingatia zao lenyewe. Namba za udongo hazigeuki kuwa mifuko ya mbolea mpaka ziunganishwe na majaribio ya mazao ya eneo hilo. Kifaa kinachotoka kwenye spektra moja kwa moja hadi kilo za mbolea ya DAP bila kusema kimetumia majaribio gani kimeruka hatua kubwa.

Setilaiti haiwezi kufanya kazi hiyo bila kugusa udongo?

Huweza kusaidia pale udongo ulipo wazi. Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupiga picha katika mikanda 13, baadhi kwa ukubwa wa mita 10, na zinafaa kuchora mipaka ya sehemu za shamba zinazotofautiana. Lakini mvuke wa angani huziba kabisa mawimbi ya karibu na nanomita 1,400 na 1,900, masalia ya mazao hufunika uso, na picha haioni chini ya ngozi ya juu. Itumike kuamua wapi pa kuchukua sampuli.

Nirudie kupima baada ya muda gani?

Mfinyanzi haubadiliki katika maisha ya mkulima, hivyo hauna haja ya kurudiwa. Kaboni hubadilika polepole mno kiasi kwamba tofauti ya mwaka mmoja humezwa na kosa la kifaa. Miaka mitatu hadi mitano ni muda wa busara. pH ya shamba lililowekwa chokaa ipimwe mapema zaidi, baada ya msimu mmoja au miwili, kwa elektrodi. Chukua sampuli wakati ule ule wa mwaka, kwa mfano mwisho wa kiangazi kabla ya masika, kwa kina kile kile na mahali pale pale, na uhifadhi mabaki ya sampuli za zamani kwenye mifuko iliyoandikwa tarehe na mahali, kwa kuwa modeli mpya ikija udongo huo mkavu unaweza kumulikwa upya.